PINT: maabara ya mvutano ndani ya laptopu, kwa walimu na wanachuo wa Mtwara na Lindi

Mwalimu wa fizikia wa Masasi au mwanachuo wa Lindi anayetaka kuijaribu nadharia ya Einstein ya mvutano hana haja ya kusimika darubini ya redio uani. Laptopu yenye RAM ya GB 4, nafasi ya GB 5 kwenye diski, bando lisilopungua GB 2 na programu iitwayo PINT vinamtosha. PINT ni programu huria ya bure, imeandikwa kwa lugha ya Python na watafiti wa NANOGrav, kundi la Amerika Kaskazini linalopima pulsa. Inachukua nyakati ambazo mapigo ya pulsa (nyota inayotuma mapigo ya redio) yalipokelewa duniani, inazilinganisha na nyakati zilizotabiriwa na modeli, kisha inakuonyesha tofauti, ziitwazo mabaki. Jina lenyewe ni utani wa watu wa fani: kirefu chake ni kwamba PINT si Tempo3, yaani msidhani ni mtoto wa programu za zamani za Tempo na Tempo2.

Hapa tumeipima kwa swali moja: inamfaa mtu mwenye hisabati ya kidato cha sita, kwa laptopu ya kawaida na intaneti ya huku kusini? Inamfaa, na hatujaona ya bure inayoizidi kwa kazi hii. Masharti ni mawili. Upakuaji ufanyike mapema, si siku ya kipindi. Na mtumiaji ajue ni wapi programu humwacha ajidanganye mwenyewe, maana haimzuii.

Kwanza kazi yenyewe. Pulsa ni nyota ya nyutroni, masi yake inazidi ya jua lakini kipenyo chake ni kilomita 20 hivi. Inazunguka na kumulika mawimbi ya redio kama taa ya mnara wa bandarini. Ya kwanza iligunduliwa mwaka 1967 na Jocelyn Bell akiwa mwanafunzi wa Antony Hewish kule Cambridge, pigo moja kila sekunde 1.337. Kinachoifanya iwe chombo cha kupimia ni kutokosea mdundo. Mfikirie mpiga ngoma aliyepanda boti ya Msanga Mkuu, anapiga bila kuyumba, nawe umekaa Shangani unasikiliza. Boti ikija kwako midundo inasogeleana, ikienda inaachana. Ukiandika wakati wa kila mdundo unaweza kuchora njia ya boti bila kuiona. PINT hufanya hivyo hivyo, ila na msikilizaji naye yuko kwenye boti: dunia inalizunguka jua, na kwa sababu hiyo pekee pigo linaweza kuwahi au kuchelewa kwa karibu sekunde 500. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya programu ni kuzihamisha nyakati zote hadi kwenye kitovu cha masi cha mfumo wa jua. Mvutano tunaoutafuta huja baadaye, na ni wa mikrosekunde.

Sasa kusakinisha, ambako wengi hukwama kabla hata ya kuanza. Kosa la kwanza ni la jina. Ukiandika `pip install pint` utapata programu nyingine kabisa, ya kubadilisha vipimo, nayo itasakinika vizuri bila kulalamika. Jina sahihi ni `pint-pulsar`, iwe kwa pip au kwa conda (vyote ni visakinishi vya programu za Python) kupitia chaneli ya conda-forge.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, na linawahusu wengi wetu kwa sababu laptopu nyingi za huku ni za Windows. PINT haifanyi kazi inavyotakiwa ndani ya Windows yenyewe. Sababu yake inafaa kuelezwa darasani, kwa kuwa ni somo zuri la usahihi. Data ya miaka 20 ina sekunde zipatazo milioni 630. Ukitaka kuzihesabu hadi nanosekunde unahitaji tarakimu 18 zenye maana. Namba ya kawaida ya kompyuta, ya biti 64, hubeba tarakimu kama 16 tu. Vichakataji vya Intel na AMD vina namba ndefu ya biti 80 inayofika 18 au 19, lakini Python ya Windows haiitumii. Suluhisho ni kuwasha WSL, yaani Linux inayoendeshwa ndani ya Windows, au kuweka Ubuntu moja kwa moja. Laptopu za Apple zenye chipu za M1 na kuendelea zina tatizo hilo hilo. Kwao conda isakinishwe ile ya Intel, ipite kwenye Rosetta, kitafsiri cha Apple cha programu za Intel. Kabla ya lolote, fungua Python uandike `import numpy as np` kisha `np.finfo(np.longdouble).eps`. Jibu likiwa karibu na 1e-19, endelea. Likiwa 2.2e-16, simama hapo hapo. Kila utakachokokotoa baada ya hapo kitakuwa na kelele zilizotoka kwenye kompyuta.

Upakuaji wa pili haumo kwenye maelezo ya kwanza na huwashtua watu. Mara ya kwanza unapoita data, PINT huenda mtandaoni kutafuta vitu vitatu: jedwali la mahali zilipo sayari (faili la DE440 peke yake lina zaidi ya MB 100), marekebisho ya saa za vituo vya darubini, na jedwali la mzunguko wa dunia. Intaneti ikikatika katikati, ujumbe wa kosa unaotokea hauzungumzii bando, unazungumzia faili ambalo hujawahi kulisikia. Kwa darasa la mashine 10, usipakue mara 10. Endesha mfano mzima kwenye mashine moja, kisha tumia `export_download_cache` iliyomo kwenye `astropy.utils.data` (astropy ni maktaba ya Python ya elimu ya anga ambayo PINT huitegemea) kutengeneza faili moja la zip, libebe kwa flashi, na kwenye mashine nyingine tumia `import_download_cache`. Baada ya hapo weka `iers.conf.auto_download = False`, la sivyo astropy itaendelea kubisha hodi mtandaoni kila mara. Saa ya laptopu ikiwa imechelewa haiharibu matokeo. Nyakati za mapigo zinabeba saa ya kituo kilichozipokea.

Jaribio la kufungulia ni la NGC6440E, pulsa iliyomo kwenye kundi la nyota NGC 6440. Mafaili yake huja na programu yenyewe. Kila pulsa ina mafaili mawili: la `.par` lenye vigezo vya modeli, na la `.tim` lenye nyakati za kuwasili. Andika `pintempo --plot NGC6440E.par NGC6440E.tim`. Nyakati ni 62 tu, na hata laptopu ya zamani haipati shida. Kabla ya kuoanisha modeli na data, yaani kurekebisha vigezo hadi utabiri ukaribie vipimo, mabaki ni ya milisekunde 1 hivi. Baada yake yanashuka hadi mikrosekunde 21. Mwambie mwanafunzi aangalie pia kai mraba, kipimo cha jinsi modeli inavyopishana na data: inakaribia 60 kwa digrii huru 56 (idadi ya nyakati ukitoa vigezo vilivyooanishwa), uwiano ulio karibu na 1, yaani mabaki yanafanana na makosa ya upimaji yaliyotajwa. Hapa hakuna mvutano wowote unaojaribiwa. Ni kuhakikisha kwamba mitambo inawaka.

Utamu uko kwenye data halisi. NANOGrav wametoa bure data yao ya miaka 15, ile iliyotangazwa Juni 2023 pamoja na ushahidi wa mawimbi ya mvutano ya masafa madogo sana. Usijaribu kuyatafuta mawimbi hayo kwa PINT peke yake, hiyo ni kazi ya pulsa zaidi ya 60 kwa pamoja na programu nyingine. Chukua pulsa moja: J1614-2230. Inazunguka kila milisekunde 3.15, na ina mwenzake, nyota kibete nyeupe yenye nusu ya masi ya jua, wakizungukana kwa siku 8.7. Obiti yao tunaiona karibu kabisa kwa ubavu, kwa hiyo mara moja kila mzunguko mapigo hupita jirani mno na mwenzake na kuchelewa, kwa sababu nafasi na wakati vimepinda pale. Huo ndio ucheleweshaji wa Shapiro.

Ukubwa wake unaweza kukokotolewa ubaoni. Masi ya jua, ikigeuzwa kuwa wakati, ni mikrosekunde 4.925. Nusu yake ni 2.46. Kwa mwinamo huu, tofauti kati ya pigo lililocheleweshwa zaidi na lililocheleweshwa kidogo zaidi inafika mikrosekunde 48 hivi. Sasa fungua `pintk`, dirisha la michoro la PINT, weka awamu ya obiti kwenye mhimili wa chini, kisha futa M2 (masi ya mwenzake) na SINI (kigezo cha mwinamo wa obiti) kwenye faili la `.par` na uoanishe upya. Kinundu kinajitokeza pale pale mwenzake anapopita mbele. Hakitafika mikrosekunde 48, na wanafunzi watauliza. Sehemu ya umbo lile humezwa na vigezo vingine vya obiti, vinavyojinyoosha kuficha kilichoondolewa. Kinachobaki ni ile ncha kali ambayo obiti ya kawaida haiwezi kuiga. Ukirudisha M2 na SINI, kinundu kinatoweka. Ndivyo mwaka 2010 ilivyopatikana masi ya pulsa hii, 1.97 ya jua, na vipimo vya baadaye vimeishusha kidogo tu. Nadharia kadhaa za mata iliyomo ndani ya nyota za nyutroni zilikufa kwa namba hiyo.

Mambo mawili ya kuangalia kwenye data hii. Tumia `Fitter.auto`, usichague njia ya kuoanisha kwa kubahatisha, kwa sababu data ya NANOGrav ina vigezo vya kelele ambavyo njia rahisi huvipuuza. Na usiwashe `full_cov=True` kwenye mashine ndogo: nyakati 10,000 zinadai jedwali la MB 800 kwenye kumbukumbu kabla hesabu haijaanza. Weka pia `usepickle=True` unapopakia, ili mara ya pili isirudie kazi yote.

Kuna jambo dogo lililokwisha kuharibu kazi nzuri nyingi: usifungue faili la `.tim` kwa Excel, hata kulitazama tu ikiwa utalihifadhi. Tarehe za humo zina tarakimu 5 kabla ya nukta na 13 au zaidi baada yake. Excel hutunza tarakimu 15 tu. Kinachokatwa kinaingiza kosa la mikrosekunde kadhaa, kubwa kuliko makosa ya data yenyewe. Tumia kihariri cha maandishi matupu.

Jaribio la mvutano lililo maarufu kuliko yote, la pulsa B1913+16, halihitaji faili la `.tim` hata kidogo. Hulse na Taylor waliigundua mwaka 1974 kwa darubini ya Arecibo, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1993. Nyota mbili za nyutroni zinazungukana kwa saa 7.75, katika obiti iliyochongoka kwa kiwango cha 0.617. PINT ina moduli ya `derived_quantities`, na hapo ndipo kipindi cha dakika 80 kinapojilipa. Anza na kasi ya kugeuka kwa obiti, digrii 4.2266 kwa mwaka (Zebaki inapata sekunde 43 za tao kwa karne nzima kwa sababu hiyo hiyo). Iweke kwenye `omdot_to_mtot`, pamoja na kipindi cha siku 0.322997 na uchongokaji 0.61713. Inatoka jumla ya masi: 2.83 za jua. Usisahau kuambatisha vipimo vya astropy. Namba tupu itakataliwa, na ni vizuri ikataliwe.

Jumla pekee haitoshi. Chukua kigezo cha pili, GAMMA, cha milisekunde 4.3 hivi, kinachotokana na saa ya pulsa kwenda taratibu inapokuwa karibu na mwenzake. Mwanafunzi ajaribu masi ya mwenzake kuanzia 1.2 hadi 1.6 kwa hatua ndogo, akiita fomula ya `gamma` kila mara, hadi apate 4.3. Atatua kwenye 1.39, na pulsa itabaki na 1.44. Hadi hapa hajapima chochote. Ametumia milinganyo miwili kutafuta visivyojulikana viwili. Jaribio ni la tatu: aziingize masi hizo kwenye `pbdot`, aone nadharia inatabiri obiti isinyae kwa kiasi gani. Jibu ni -2.40e-12, sawa na kupungua kwa mikrosekunde 76 kila mwaka.

Hapo ndipo panapozuka ubishi, kwa sababu thamani iliyopimwa ni -2.423e-12. Tofauti inakaribia asilimia 1 na makosa ya upimaji ni madogo zaidi ya hapo. Einstein amekosea? Hapana. Mfumo wetu wa jua na ile pulsa vinavutwa kwa namna tofauti ndani ya Njia Nyeupe, galaksi yetu, na mchapuko huo unaingiza -0.025e-12 ya bandia. Ukiiondoa inabaki -2.398, na hesabu iliyochapishwa mwaka 2016 ilionyesha nadharia na kipimo vinakubaliana ndani ya asilimia 0.2. Tunashauri mwalimu asiitaje Njia Nyeupe mapema. Wacha wabishane kwanza.

Sasa kwenye kasoro inayotusumbua zaidi. PINT ina modeli za obiti zaidi ya moja, na mbili kati yake zina majina yanayokaribiana: DD na DDGR. DD inavichukua vigezo kama OMDOT (kugeuka kwa obiti), GAMMA na PBDOT (kusinyaa kwa obiti) kila kimoja kivyake, bila kudai nadharia yoyote. DDGR inavikokotoa vyote kutoka kwenye masi mbili, kwa kuiamini nadharia ya Einstein tangu mwanzo. Ukitumia DDGR utapata grafu safi na makosa madogo, kisha utaandika kwenye ripoti kwamba umeithibitisha nadharia, kumbe umeizungusha tu. Programu haitoi onyo lolote. Vivyo hivyo kwa `zima`, amri inayotengeneza data ya kuigiza: ni nzuri kwa kujifunza jinsi mabaki yanavyobadilika ukigusa kigezo kimoja, lakini data iliyotoka kwenye modeli daima itaikubali modeli hiyo.

Kasoro nyingine ni ya saa. Mafaili ya `.par` ya zamani, hasa yaliyotoka Tempo2, mara nyingi yametumia kipimo cha wakati cha TCB, na PINT hutumia TDB. Tofauti ya mwendo wa saa hizo mbili ni 1.55e-8, inayoonekana ndogo hadi uizidishe kwa mwaka mzima: nusu sekunde. Kwa pulsa ya milisekunde chache hiyo ni mizunguko mingi iliyopotea. Matoleo ya sasa hulikataa faili la TCB hadi useme `allow_tcb=True` au ulipitishe kwanza kwenye `tcb2tdb`, na baada ya kubadilisha lazima uoanishe upya. Tunapongeza ukali huo.

Tempo2 bado ina wafuasi wake. Imetumika tangu 2006, ina viongezeo vingi, na kwa data nyingi ina kasi zaidi kwa sababu imeandikwa kwa C++. Lakini ukiijenga kutoka msimbo wake bila kuzoea Linux, unaweza kupoteza siku mbili. PINT iliandikwa kivyake makusudi, bila kurithi msimbo, ili ziweze kukaguana. Zikipewa modeli moja na saa moja zinakubaliana kwa kiwango cha nanosekunde. Kwa darasa chagua PINT. Kwa tasnifu, zote mbili.

Wanaouliza data za Afrika: MeerKAT ya Afrika Kusini, sahani 64 za mita 13.5, inapima pulsa kwa ubora wa juu, na Msumbiji, ng'ambo tu ya Ruvuma, ni mmoja wa washirika wa Kiafrika wa SKA, mradi wa darubini kubwa ya redio. Pulsa mbili za J0737-3039, zinazozungukana kwa saa 2.45, zinapita juu vizuri ukizitazama kutoka anga ya kusini. Kwa hizo obiti inageuka digrii 16.9 kwa mwaka, na kazi ya miaka 16 iliyochapishwa mwaka 2021 iliifikisha nadharia kwenye usahihi wa asilimia 0.013. Vigezo vyake unaweza kuvipitisha kwenye `derived_quantities` kama vile vya Hulse na Taylor. Ila ucheleweshaji wa ngazi za juu zaidi uliohitajika kufikia usahihi ule unazidi modeli ya kawaida ya DD, kwa hiyo usitarajie tarakimu za mwisho zilingane.

Na kuna jaribio moja kubwa ambalo PINT haiwezi kulifanya. Bibo likidondoka na korosho yake, vinafika chini pamoja. Hilo halina ubishi kwenye shamba lolote la Tandahimba. Swali gumu ni kama nishati ya mvutano wenyewe nayo hudondoka sawa na mata nyingine. Kwa dunia yetu nishati hiyo ni chini ya sehemu moja ya bilioni ya masi yake. Kwa nyota ya nyutroni inazidi asilimia 10. Pulsa J0337+1715, iliyotangazwa mwaka 2014, inazunguka na nyota kibete nyeupe kwa siku 1.6, na wote wawili wanadondoka kuelekea kibete cha tatu kwa obiti ya siku 327. Pulsa na mwenzake wangedondoka kwa tofauti, obiti ya ndani ingejivuta upande mmoja. Mwaka 2018 tofauti yoyote ilibanwa chini ya 2.6 kwa milioni, na kundi jingine likafika hapo hapo mwaka 2020 kwa darubini ya Nançay. Mfumo wa nyota tatu hauna fomula fupi. Obiti lazima ikokotolewe hatua kwa hatua, na makundi yote mawili yaliandika programu zao wenyewe. Ukilipeleka faili lake PINT kama obiti mbili za kawaida zilizopangwa, mabaki yatapanda mbali juu ya makosa ya upimaji, na hakuna kigezo cha kugusa kitakachoyashusha.